Kanda Zenye Watu Ndani

Santuri ndogo ya miaka ya sabini ilibeba dakika tatu au nne kwa kila upande, haikuzidi sana hapo. Ndiyo maana nyimbo nyingi za rumba zilizorekodiwa Nairobi zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mwimbaji anamwaga malalamiko yake juu ya mke, mpenzi au rafiki aliyemsaliti, sahani inageuzwa, upande wa pili magitaa yanaachiwa uwanja. Nyumbani kwetu kila wimbo uliopendwa ulimwinua mtu kitini ukiwa katikati, aende akageuze sahani, na masikio yetu yalishakizoea kile kimya cha kati kama sehemu ya wimbo wenyewe.

Kisha nikasikia kanda iliyorekodiwa ukumbini. Wimbo niliouzoea vipande viwili ulikwenda moja kwa moja, robo saa nzima na zaidi, bila mtu kuinuka. Mwimbaji alimaliza beti zake, magitaa yakaingia, yakakaa, yakazidi kukaa, saksafoni ikaja ikaondoka, mwimbaji akarudi na ubeti ambao haukuwamo kwenye santuri, na nyuma yake kulikuwa na watu. Watu wengi. Wanacheka, wanaitana, wanaburuta viti, wanaitikia kibwagizo hatua moja nyuma ya bendi. Tangu siku hiyo santuri kwangu ni picha ya pasipoti ya wimbo: sura ni yake kweli, lakini hakuna aliyewahi kumkuta mwenye sura hiyo amekaa vile nyumbani kwake.

Kanda ile ilikuwa ya mjomba wangu. Alikuwa fundi wa redio Bondeni, mtaa mkongwe wa Nakuru, na kibanda chake ndicho kilichonifundisha kazi ninayoifanya mpaka leo. Nakuru ya wakati ule ilikuwa mji wa mshahara. Kulikuwa na watu wa reli, watu wa Bodi ya Pareto, watu wa kiwanda cha betri cha Eveready kilichoanzishwa mwaka 1967, na mashamba yote ya Njoro, Molo, Rongai na Subukia ambayo mwisho wa mwezi yalimwaga watu wake mjini. Bendi za Nairobi ziliijua hesabu hiyo. Ziliteremka ukingo wa Bonde la Ufa na vyombo juu ya gari, zikapita Naivasha na Gilgil, zikapiga Nakuru Jumamosi usiku, kesho yake zikapiga bugi la mchana kwa vijana wa soda, kisha zikaendelea na safari kuelekea Eldoret au Kisumu.

Ampilifaya hazikosi kuharibika, kwa hiyo mjomba alikaribishwa kwenye kumbi bila kiingilio. Alibeba bisibisi, waya wa risasi, na redio kaseti yake. Bisibisi zilikaa mfukoni. Redio aliiweka juu ya kaunta, mbali na spika. Rafiki zake walimwambia aisogeze jukwaani apate muziki safi. Akakataa. Alisema jukwaani atarekodi spika, na yeye alikuwa amekuja kurekodi dansi.

Kwenye karatasi ya kanda ninayoipenda kuliko zote hakuandika jina la bendi. Aliandika kwa kalamu ya wino, "Jumamosi, mwisho wa mwezi", basi.

Inaanza wimbo ukiwa umeshafika mbali, kwa kuwa alibonyeza kitufe alipokumbuka. Wimbo unaisha, yanasikika makofi machache, maana wacheza dansi hawapigi makofi sana, mikono yao ina kazi nyingine. Mtangazaji wa bendi anachukua kipaza sauti. Anawasalimu watu wa Bondeni, watu wa reli, watu waliotoka Njoro na Elburgon. Anamtaka mwenye lori lililoziba mlango wa nyuma alisogeze. Anaahidi kwamba watapiga mpaka majogoo. Hapo gitaa la rithimu linaanza peke yake. Hakuna aliyeliambia lianze. Linajongea taratibu huku yule bwana bado yumo kwenye habari za lori, besi inaingia chini yake, ngoma zinafuata, na kabla hajamaliza kusema ukumbi umeshaanza kucheza. Hakuna mtayarishaji wa studio ambaye angeupokea mwanzo kama huo. Mimi sijasikia mwanzo mzuri kuliko ule. Mtu mmoja jukwaani aliona miguu ya watu imeanza kupoa, akaifanyia kazi.

Mbele kidogo, uzi wa gitaa la solo unakatika. Unausikia kabisa, mlio mkali kisha pengo. Studioni wangesimama waanze upya. Pale rithimu inapanda juu, inabeba nusu ya kazi ya solo bila kuiacha kazi yake, na mwimbaji anakigeuza kibwagizo kuwa swali, anawatupia watu. Wanamjibu. Anawatupia tena. Baada ya muda hawamjibu yeye tena, wanajibizana wao kwa wao, wanaume upande wa mlangoni, wanawake upande wa kaunta karibu na redio ya mjomba, na ngoma zinawafuata wao badala ya kuwaongoza. Solo linarudi likiwa na uzi mpya ambao haujakaza sawasawa. Linateleza chini ya sauti, mpigaji anaukwepa uzi ule, anautafutia njia kwenye nyuzi nyingine, na watu wanamshangilia kama aliyetoka safari ndefu. Kisha upande wa kanda unakwisha, maana kanda ya dakika 90 ina 45 tu kila upande. Mjomba aliigeuza upesi. Upande wa pili unaanza na wimbo ule ule, lakini umeshahamia mahali pengine, na zile sekunde zilizopotea hapo kati nimeziwaza mara nyingi kuliko nyimbo nzima nilizonazo.

Watu huniuliza inawezekanaje kwa redio ndogo kama ile kuwasikia wachezaji kwa uwazi hivyo. Jibu limo ndani ya redio yenyewe. Redio kaseti za aina ile zilikuwa na saketi inayojipangia kiwango cha kurekodi. Sauti ikiwa kubwa, saketi inaibana. Sauti ikishuka, inafungua masikio wazi. Ngoma zikipigwa kwa nguvu, sauti ya mwimbaji inadidimia kidogo, na wenye masikio ya studio huliona hilo ni kasoro. Lakini bendi inapopumua tu, hata kwa muda wa kuhesabu mbili tatu, redio inafunguka na ukumbi wote unaingia: glasi, viatu, mwanamke anayemwambia mwenzake kwamba hachezi na mtu aliyevaa kofia ndani. Mashine ya gharama kubwa yenye mtu wa kuisimamia ingewaacha watu hao nje.

Kuelekea mwisho wa kanda bendi inaonekana kukimbia. Magitaa yanapanda juu, mwimbaji anakuwa na sauti ya mvulana. Wengi niliowasikilizisha husema bendi ilikuwa imechangamka. Zilikuwa betri. Stima ya ukumbi ilikuwa ya bendi, na redio ya mjomba ilikula betri kubwa za Eveready, zile zenye nembo ya paka, zilizotengenezwa hapa hapa mjini. Zilipoanza kuchoka mota ikazunguka polepole, kanda ikapita mbele ya hedi kwa mwendo mdogo. Na kitu kilichorekodiwa polepole, ukikicheza kwa mwendo wa kawaida, kinatoka haraka na kwa sauti ya juu. Dawa yake ni skrubu ndogo iliyo nyuma ya mota. Unaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu, unaweka gitaa magotini, unapiga noti unayojua kwamba ndiyo ya wimbo, na unaigeuza skrubu kwa unywele mpaka kanda na gitaa vikubaliane. Kisha unazidi kuigeuza kadiri wimbo unavyokwenda, kwa sababu betri za usiku ule zilizidi kufa. Kazi hii haina haraka. Ukigeuza kupita kiasi mwimbaji anakuwa mlevi. Kiwanda kile cha Eveready kilifunga uzalishaji mwaka 2014, na wengi waliofanya kazi pale wametawanyika, lakini mimi kila nikifika sehemu hii najua wamo mara mbili: wamo kwenye dansi, na wamo kwenye mwendo wa kanda.

Kuna mzee aliyewahi kupiga gitaa la rithimu katika bendi za Nairobi, siku hizi analima Bahati. Aliniletea redio yake niitengeneze, nikamwekea kanda ile wakati akingoja. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ilipofika pale uzi ulipokatika akainua mkono.

"Kijana wangu, rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Umemsikia?"

"Solo, mzee?"

"Solo ametoka, utamsikiaje? Huyu aliyebaki. Anafanya kazi ya watu wawili na hataki ujue." Akanyamaza mpaka kibwagizo kikapita. "Kila mtu husikiliza anayeimba. Wewe msikilize anayemngoja."

Alichukua redio yake akaenda zake, nami nikarudia kusikiliza karibu kila kitu nilichokuwa nacho. Nilirudi kwa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilirudi kwa Les Wanyika, waliojitenga nao mwaka 1978. Kila mtu katika Bonde la Ufa anaijua Sina Makosa yao. Nimeisikia kwenye matatu ya Molo, kwenye harusi Gilgil, kwenye baa za madereva wa malori kule Salgaa. Tunazikumbuka sauti za waimbaji. Lakini mshike Omar Shabani kwenye rithimu, yule waliyemwita Profesa, mfuate yeye tu toka mwanzo hadi mwisho, uache mengine yapite. Ni mkono usiochoka na usiojionyesha. Unajiuliza ilikuwaje wimbo huu ukawa wa mtu mwingine yeyote.

Nimewahi kuwafundisha vijana ufundi kibandani, na jambo ninalolitafuta kwao nililijifunza katika kanda hizi: mtu anafanya nini wakati mwenzake amekatikiwa na uzi. Kuna anayesimama atazame. Kuna anayeongeza kelele ili aonekane. Na kuna anayeingia kwenye pengo, akalijaza, kisha akatoka mwenye nafasi anaporudi, bila kudai chochote. Huyo wa tatu nimempata mara chache, na kila nilipompata nilimwachia funguo.

Baada ya kanda za ukumbini, mapenzi yangu yanakwenda kwa zile za Radio Tanzania Dar es Salaam. Hazikurekodiwa dansini, ni kweli, lakini zina damu ile ile. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha santuri; bendi iliyotaka sahani ilibidi itazame Kenya. Palipokuwa na mashine ni redio ya taifa. Bendi iliingia studioni yote, waimbaji, wapiga tarumbeta, magitaa, tumba, ikapiga kwa pamoja kama inavyopiga ukumbini, na kanda ikawaka. Hapakuwa na kurekodi ngoma leo na sauti kesho. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na kujaa watu wa uzito wa Muhidin Maalim Gurumo, Hassani Bitchuka, Cosmas Chidumule na King Michael Enoch, ilirekodiwa hivyo. Usiku, hali ya hewa iliporuhusu, redio ya Dar ilifika Nakuru ikipanda na kushuka kama inavyofanya mawimbi ya mbali, na mjomba alikuwa na kanda tupu tayari.

Kwa hiyo nakala yangu ya Neema, wimbo wa Mlimani Park, ina mkwaruzo wa hewa kutoka Dar hadi Bonde la Ufa. Miaka mingi baadaye nilipata nakala safi kwenye diski. Nashukuru ipo, na ningependa kila mpenzi wa muziki aipate. Katika nakala safi nilisikia kitu ambacho redio ilikuwa imekimeza: tarumbeta zinavyosogea nyuma ya magitaa, pumzi kabla ya kupuliza, vyumba vya sauti kati ya mtu na mtu. Unasikia watu waliokaa katika chumba kimoja wakitazamana. Mtu akikosea kidogo, mwenzake anamkunja ndani ya wimbo ukaendelea. Kwa wanaosema rekodi za zamani zilikuwa nzuri kwa sababu ya mashine, mimi hubisha. Mashine zilikuwa chache na za kawaida. Waliorekodi pamoja walikuwa wamepiga pamoja usiku baada ya usiku mbele ya watu ambao wasingevumilia bendi iliyolala.

Kati ya maonyesho makubwa ya muziki wa Kongo nina mawili. Tabu Ley Rochereau alipiga Olympia, Paris, mwaka 1970, na sauti yake humo ni ya mtu anayejua kwamba bara zima limesimama nyuma yake. Naiheshimu rekodi hiyo kuliko ninavyoipenda, kwa kuwa waliokuwa mbele yake walikaa vitini. La pili ni la Kinshasa, Septemba 1974, siku tatu za muziki zilizopangwa kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba, muziki ukaendelea kama ulivyopangwa. James Brown na B. B. King walikuja, dunia ikawatazama hao. Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti, Miriam Makeba na wengine wa Afrika walirekodiwa katika siku hizo hizo, na kanda zao zikakaa zaidi ya miaka arobaini. Zilitoka mwaka 2017. Franco alikuwa ameshafariki tangu 1989, Tabu Ley tangu 2013. Mwenye mapenzi na muziki huu anapaswa kukasirika kidogo anaposikiliza, nami hukasirika. Kisha magitaa yanaingia na hasira inangoja.

Mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aliyeleta ampilifaya yake kibandani, ndiye aliyenisimulia habari za Grateful Dead wa Marekani. Bendi hiyo ilipiga nyimbo ndefu zisizofanana usiku mmoja na mwingine, na wapenzi wake waliingia na mashine za kurekodi. Badala ya kuwafukuza, mwaka 1984 bendi iliwatengea sehemu yao ukumbini. Walibadilishana kanda bila kuuziana, na kubishana kwao hakukwisha: usiku gani ulikuwa bora? Wengi walitaja tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, na rekodi ya usiku huo imewekwa na Maktaba ya Bunge la Marekani katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa. Nilimwomba mhadhiri nakala, akaniletea. Magitaa yao yanatangatanga kuliko yetu, na kuna mahali nilitamani mtu wa rithimu wa kutoka Tanga awakumbushe miguu iko wapi. Lakini niliwaelewa wale watu wa kanda moja kwa moja.

Kinachoniuma ni tofauti ya hatima. Kanda zao zilijulikana tarehe, ukumbi, hata aliyerekodi: ya Cornell ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, mwanamke aliyekuwa fundi wa sauti wa bendi. Zetu zimeandikwa "mwisho wa mwezi", basi. Tena kwetu nakala ya kanda ilikuwa na dhambi ndani yake, maana waliodurufu na kuuza vituoni walikula jasho la wanamuziki waliokufa maskini. Ndiyo sababu sijawahi kuuza nakala ya kanda ya mjomba, na hata ninayempa bure namtaka akae aisikilize yote kwanza hapa hapa, bila kuruka.

Bonde la Ufa lenyewe lina rekodi ya nje ya studio iliyotangulia zote hizi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, na mashine yake, akarekodi wimbo uitwao Chemirocha, ambamo jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933 na ambaye sahani zake zilifika huku, limegeuka kuwa la kiumbe cha ajabu. Toleo linalojulikana zaidi limeimbwa na wasichana. Hapakuwa na studio wala jukwaa. Ukipita Kericho leo, mji ambako Chandarana alirekodi na kutoa santuri za wanamuziki wa Nyanza na Bonde la Ufa, utakuta wengi hawaijui Chemirocha. Mimi naiweka kwenye rafu moja na kanda ya mjomba, kwa sababu wimbo uliotoka mbali umepokelewa na watu, wakaufanya wao, na mashine ikawa karibu wakati huo.

Sasa kelele. Kijana mmoja wa mjini, mwenye studio ndogo na kompyuta nzuri, alijitolea kuisafisha kanda ya mjomba. Nilikwenda nikakaa naye. Kwanza aliondoa mfoko wa kanda, ile 'sss' ya chini isiyokwisha, nikafurahi. Akaondoa mvumo wa mota. Vizuri. Akasogeza kitelezi kingine, na viti vikapotea. Akasogeza tena, wanawake wa kaunta wakawa kama wanaosemea ndani ya maji. Mara ya mwisho bendi ilibaki peke yake, safi, ikiuliza kibwagizo na kujibiwa na hewa.

"Umeona, mzee? Sasa ni kama studio."

Nilimwomba arudishe hatua kwa hatua. Tulikaa mpaka jioni tukibishana juu ya kila kitelezi, na nataka kusema kwamba alinisikiliza kwa adabu na alijua kazi yake. Tulikubaliana mfoko uondoke, mvumo uondoke, watu wabaki. Lori nalo libaki. Alitaka kulikata lile tangazo la lori kwa kuwa halihusiani na muziki. Nikampigia ile sehemu peke yake, gitaa la rithimu likianza chini ya maneno, mara kadhaa, mpaka akaacha kutazama kioo cha kompyuta akaanza kutikisa kichwa. Akasema, "Bila lori hana mahali pa kuanzia." Huyo sasa ndiye ninayempelekea kanda zote.

Kazi imetuzidi, kusema kweli. Kanda za zamani zinashikana, unga wake wa kahawia unabaki kwenye hedi, na baada ya kila upande inabidi upanguse kwa pamba na spiriti. Nyingine zina ukungu, zimekaa darini Molo na Elburgon kwenye baridi na unyevu. Wanaozileta huomba wimbo mmoja tu: ule wa harusi ya mama, ule marehemu alioupenda. Huwaambia tutachukua upande wote, pamoja na sehemu ambazo hakuna kinachopigwa.

Na dansi halijakufa Nakuru. Limebadilisha vyombo. Usiku wa mugithi ni mtu mmoja na gitaa lake, mashine ya ngoma, na watu wanaojipanga mstari mmoja mrefu, mikono mabegani mwa aliyetangulia, wakizunguka meza kama treni, mara nyingine wakatoka mlango huu wakarudi kwa ule. Kina Mike Rua na Salim Junior waliujenga muziki huo mbele ya watu, na rekodi zake nyingi zilizouzwa ni za ukumbini, majina ya waliohudhuria yakiitwa katikati ya wimbo. Ndugu zangu wa rumba huudharau. Mimi nasema wausikilize tena: mwimbaji anaunganisha wimbo wa kanisani, wa zamani na wa juzi bila kusimama, akisoma miguu ya watu, na akikosea kuisoma mstari unakatika mbele ya macho yake. Ni mtu mmoja anayejingoja mwenyewe, na hiyo ni kazi ngumu kuliko ya bendi.

Vijana hurekodi kwa simu kila wikendi, lakini kila mmoja huchukua nusu dakika akajirekodi yeye mwenyewe akicheza. Nilimwomba mpwa wangu aniwekee simu moja irekodi usiku mzima. Alitaka kuielekeza jukwaani. Nikamwambia aiache karibu na wahudumu, ikiwa imechajiwa vizuri, asiiguse. Imenijia rekodi ya saa kadhaa, nami naisikiliza kidogo kidogo baada ya kazi. Nimefika mahali ambapo stima inapotea. Mashine ya ngoma inakatika, kipaza sauti kinakufa, gitaa nalo. Watu wanapiga kelele ya kawaida ya stima kupotea, kisha mtu, mwanamke, nadhani ni mmoja wa wahudumu kwa kuwa yuko karibu sana, anaanza kugonga trei kwa mapigo ya wimbo uliokatika. Mstari wa treni unaanza tena gizani. Viatu vinasikika vikipita. Mwimbaji, bila kipaza sauti, anaimba kutoka mbali upande ule wa jukwaa, anafuata trei. Mpwa anasema sehemu hiyo ina sauti mbaya, niiruke, stima inarudi baadaye. Nimemwambia aniambie huyo wa trei anafanya kazi siku gani.